Chuo Chetu Kiko Wapi?



Yeyote aliyepata kukaa Ngamiani, katika mji wa Tanga, aijua saa ile ya alasiri watoto watokapo majumbani kwenda chuoni. Hutoka katika barabara zile zinazoitwa kwa hesabu, ya Nane, ya Tisa, ya Kumi na kuendelea, wavulana wamevaa kanzu na kofia, wasichana wamejitanda, kila mmoja na juzuu yake mkononi. Mzazi wa Kiislamu wa pwani huona ni aibu ya nyumba nzima mtoto wake kufika umri wa kusoma bila kujua kuisoma Kurani, na kwa ajili hiyo Tanga umekuwa mji wa vyuo kwa muda mrefu. Chuo cha Shamsiya kimejulikana mbali sana nje ya mkoa. Hata magharibi ikiadhiniwa, karibu saa kumi na mbili na nusu, mji mzima wajua ya kuwa hiyo ni saa ya sala.

Katika barabara hizo hizo wakaa Wakatoliki. Nyumba moja ya vyumba sita yaweza kuwa na familia nne, za dini mbili, zenye ukumbi mmoja, uwa mmoja na bomba moja la maji. Sahani ya pilau huvuka ukumbi siku ya Idd, na siku ya Noeli huvuka tena ikirudi ilikotoka, wala haivuki tupu. Hii ni neema ya pwani, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Baba mmoja wa mtaa huo ametuletea barua. Asema kwamba mwanawe, mwenye umri wa miaka 8, hubaki peke yake barazani kila alasiri wenzake waendapo chuoni. Siku moja mtoto alimwuliza: “Baba, chuo chetu sisi kiko wapi?” Akamjibu ya kuwa kiko kanisani, siku ya Jumamosi. Mtoto akauliza tena: “Na siku nyingine?” Baba akanyamaza. Sasa atuomba tuwahimize mapadre na makatekista waanzishe mafundisho ya kila siku parokiani, ili, kama aandikavyo mwenyewe, tusishindwe na wenzetu.

Ombi lake ni jema, na palipo na makatekista wa kutosha lifanyike. Lakini swali la mtoto ni kubwa kuliko ombi la baba yake. Mtoto hakuuliza habari za Jumamosi. Aliuliza habari za Jumatatu, na Jumanne, na siku zote anapokuwa nyumbani. Chuo cha siku hizo, ndugu yetu, ni chumba kile kile unamolala wewe na watoto wako, na mwalimu wake mkuu ndiye aliyetuandikia barua.

Jambo hili si shauri letu tu. Sheria ya Kanisa, katika kitabu cha mwaka 1983, yaweka wajibu wa kuwalea watoto katika imani, kwa neno na kwa mfano, juu ya wazazi kabla ya watu wengine wote. Padre na katekista waja nyuma kuwasaidia. Papa Pio X, alipotoa amri mwaka 1910 ya kuwakaribisha watoto wadogo kwenye Ekaristi Takatifu tangu waanzapo kutumia akili, yaani wapata miaka 7, aliagiza ya kwamba hukumu ya utayari wa mtoto ni ya baba yake, au amshikaye mahali pa baba, pamoja na muungamishi. Tazama heshima aliyopewa baba! Lakini atahukumuje utayari wa mtoto ambaye hajapata kusali naye hata siku moja?

Na ibada ya ubatizo wa watoto yasema vivyo hivyo. Zamani msimamizi ndiye aliyejibu maswali kwa niaba ya mtoto, na mara nyingi mama mzazi alikuwa bado kitandani nyumbani. Ibada iliyotolewa mwaka 1969 imewasimamisha wazazi mbele. Wao huulizwa kwanza watakalo kwa Kanisa, wao huambiwa waziwazi mzigo wanaojitwika, nao huitikia ya kwamba wanaufahamu. Wengi wetu tumeitikia maneno hayo huku tukimtazama mpiga picha.

Wako watakaosema: Sisi hatukusoma seminari, tutafundisha nini? Tuwakumbushe kwamba Mwana wa Mungu alikaa nyumbani Nazareti hadi umri wa miaka kama 30, akahubiri mitatu hivi. Baba Mtakatifu Paulo VI alipoizuru Nazareti tarehe 5 Januari, 1964, aliuita mji ule shule, ambamo mtu hujifunza kimya, maisha ya jamaa na kazi za mikono. Mwalimu wa shule ile alikuwa seremala na mkewe. Wahenga wetu wamesema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Nasi twaongeza kwamba huvukuta kwa sababu baba yake anafanya kazi mbele ya macho yake. Kama baba hafui chuma, mtoto atakivukutia nini?

Yafaa pia tukumbuke habari za ndugu zetu wa Uganda, maana wengi wanazijua kwa juu tu, za moto wa Namugongo tarehe 3 Juni, 1886, wala hawajiulizi imani ile yenye nguvu ilipikwa wapi. Mapadre wa kwanza, Wamisionari wa Afrika, walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879. Baada ya muda usiotimia miaka minne, mnamo Novemba 1882, iliwapasa kuondoka. Wakavuka ziwa hadi kusini, upande ambao leo ni Tanzania, wakarudi Julai 1885 tu. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala padre hata mmoja wa kuulizwa neno. Na waliobaki walikuwa Wakristu wa jana na juzi, wengine wakiwa hawajabatizwa bado.

Lakini mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Nani alilichunga? Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, aliyekuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa mafundisho, pamoja na mkewe Clara Batudde. Huko Mityana, Mathias Kalemba Mulumba, ambaye kwa kuifuata Injili alibaki na mke mmoja akawaacha wengine, aliwafundisha watu wa nyumbani kwake na majirani. Naye Noe Mawaggali, mfinyanzi, alimfundisha dini dada yake Munaku. Basi mwaka 1886 walipoitwa kufa, Kaggwa tarehe 26 Mei, Mulumba tarehe 30, Mawaggali tarehe 31, hawakuwa watu waliojifunza ushujaa siku ile. Walikuwa wameuzoea katika sala za jioni, nyumbani, pasipo padre. Mwaka 1964 Kanisa liliwaandika katika orodha ya Watakatifu.

Uganda ni mbali, mtasema. Haya, turudi Tanga.

Padre wa kwanza alifika pwani hii kwa meli, lakini Wakatoliki walio wengi wa Tanga wazazi wao walifika kwa miguu, kwa lori na kwa gari la moshi. Mwaka 1893 reli ya Tanga ilianza kujengwa, na mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf alipokea miche ya mkonge iliyotoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa, 62 ndiyo iliyofika hai. Kutoka miche hiyo yalienea mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na kando ya reli yote. Mashamba yalitaka watu. Wakaja watu wa Songea na Njombe, wa Kigoma na Tabora, hata wa Rwanda na Burundi, wakaandikwa kwa namba, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kuwaajiri, SILABU, nacho kikaleta watu kwa maelfu. Wengi waliotoka sehemu za Peramiho, ambako Wabenediktini waliweka misheni mwaka 1898, walikuwa wamekwisha kubatizwa. Rozari ilisafiri katika sanduku la bati pamoja na kanga ya mama na jembe.

Sasa fikirini maisha ya kambi. Mtu alipewa kipande chenye siku 30 za kujaza, kila siku na kazi yake ya kukata majani ya mkonge iliyohesabiwa. Prefektura ya Tanga iliundwa mwaka 1950, ikawa jimbo kamili mwaka 1958, na Askofu wake wa kwanza alikuwa Mhashamu Eugène Arthurs, wa Shirika la Warosmini. Mapadre walikuwa wachache, mashamba mengi, njia mbovu wakati wa masika. Padre hakuweza kufika kila kambi kila Jumapili. Aliyeziba pengo hilo alikuwa katekista, na mahali pasipokuwa na katekista ni mzee aliyeijua Nasadiki kwa moyo, na nyuma yake ni mama, ndani ya chumba kimoja chenye moshi, akiwapanga watoto juu ya mkeka kabla hawajalala. Mama yule pengine hakujua kusoma. Aliyajua maombi manane au tisa, na nyimbo chache, na ya kuwa Ijumaa nyama hailiwi. Hayo aliyojua aliyatoa yote.

Mkonge ulifikia kilele chake mwaka 1964, tani kama 230,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 haukufika hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Makambi mengi yakabaki magofu, na watu wakahamia mjini, baadhi yao Ngamiani. Basi hapa ndipo pasipotupa raha sisi tunaoandika. Mtoto wa kambi wa mwaka 1955, aliyemwona padre mara chache, alilala akiwa amesali. Mjukuu wake wa leo akaa mwendo mfupi tu kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni, penye Misa kila siku, naye hulala na simu ya mama yake mkononi, akitazama vikatuni mpaka usingizi umchukue.

Kosa si la simu. Simu imekikuta kiti kitupu, ikakaa.

Hebu tuseme wazi juu ya kina baba, maana katika nyumba zetu nyingi dini imeachiwa wanawake, kama vile kuchota maji. Yuko baba Tanga awezaye kuwataja wachezaji wa Coastal Union walioutwaa ubingwa mwaka 1988, mmoja mmoja, pamoja na wale wa akiba. Hatumlaumu, timu ile ni fahari ya mji. Lakini mwulize tarehe ya ubatizo wa mwanawe na jina la msimamizi wake, atamwita mkewe. Jioni yuko kibandani akitazama mpira, na arudipo watoto wamelala. Jumapili huwasindikiza mpaka mlango wa kanisa, yeye akabaki nje chini ya mwembe na wenzake hata mwisho wa mahubiri. Mvulana huyaona haya yote. Afikapo miaka 14 aanza kufikiri ya kuwa sala ni ya mama na ya watoto wadogo, naye sasa ni mwanamume. Ndipo aenda zake chini ya mwembe. Hapo katekista afanye nini?

Twaitazama pia Komunyo ya Kwanza. Miezi miwili kabla ya siku yenyewe nyumba nzima hushughulika: gauni jeupe, viatu, keki, turubai, mziki, kadi za michango. Wengine hukopa. Mtoto apokea Mwili wa Bwana asubuhi, na adhuhuri amesahau, maana hakuna aliyemwambia neno juu ya jambo hilo tangu alipotoka kanisani. Wote wamemwambia habari ya zawadi. Jumapili ya pili haonekani. Huonekana tena wakati wa Kipaimara. Laiti sehemu ya kumi tu ya fedha ile ingegeuzwa kuwa saa za kukaa naye! Sherehe ndogo haimnyimi mtoto kitu.

Basi baba aliyetuandikia aanzie wapi? Aanze kwa kidogo, tena jioni hii. Waislamu wasikiapo adhana ya magharibi, Kanisa nalo tangu zamani lina sala ya saa hiyo hiyo, Malaika wa Bwana, isaliwayo asubuhi, adhuhuri na jioni. Jirani aanzapo kutawadha, wewe waite watoto wako. Dakika 10 zatosha. Malaika wa Bwana, fungu moja la rozari, kisha kila mmoja, hata mdogo wa miaka minne, aseme kwa maneno yake amwombee nani. Mtamsikia akimwombea kuku wake aliye mgonjwa, msimcheke. Baba na aongoze. Kama hajui, asome kitabuni, nao watoto wamwone akisoma. Siku atakapochelewa kazini, mama ashike nafasi yake, lakini watoto wajue ya kuwa nafasi ni ya baba, naye baba ajue hivyo zaidi yao.

Wengine huona haya. Ukumbi ni mmoja, kuta ni nyembamba, majirani watasikia. Na wasikie! Mwislamu wa Ngamiani hamdharau mtu anayesali. Anayemshangaza ni yule ajiitaye Mkristu ambaye hajasikiwa hata siku moja akimtaja Mungu ila anapoapa. Haya yetu ni haya ya bure.

Na hapa tuseme neno juu ya ile kauli ya kushindwa na wenzetu. Hapana mashindano. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba, 1965, umetufundisha kuwatazama Waislamu kwa heshima, kama watu wanaomwabudu Mungu mmoja. Mtoto akifundishwa dini yake ili amshinde mtoto wa jirani, huyo hakufundishwa dini, amefundishwa ugomvi. Kwa mfano wa jirani yako jifunze bidii, basi.

Ila mtoto wa pwani ana kazi ambayo mtoto wa Kibosho au Peramiho hana. Huko bara aweza kufika miaka 20 pasipo mtu kumwuliza kwa nini ni Mkristu. Hapa huulizwa barazani akiwa na miaka 9, na wenzake wasio na ubaya wowote: Je, ninyi mnaabudu miungu watatu? Mbona kanisani kwenu mna sanamu? Mtoto huyabeba maswali hayo nyumbani, na jibu apewalo mara nyingi ni “Nyamaza, ule.” Hapo imani yake hupata ufa wa kwanza, maana aona baba hana jibu au haoni faida ya kujibu.

Majibu yapo, wala si magumu. Mwambieni mtoto tunapofanya ishara ya msalaba twasema “kwa jina”, hatusemi “kwa majina”. Jina ni moja kwa kuwa Mungu ni mmoja, na tunamtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu katika jina hilo moja. Ni fumbo, wala hatulimalizi kwa akili. Mtoto aambiwe hivyo pia, maana mtoto haogopi fumbo, huogopa kudanganywa. Juu ya sanamu, mwonyesheni picha ya bibi yake ukutani. Twaitunza, twaifuta vumbi, pengine twaililia. Lakini hapana anayedhani kwamba karatasi ile ndiye bibi. Na kama mzazi hajui jibu, aseme, “Mwanangu, hili sijui, kesho nitamwuliza katekista,” kisha kesho amwulize kweli na kurudi na jibu. Mtoto atakuwa amejifunza kwamba dini ni kitu cha kutafutwa, hata na watu wazima.

Tumebakiza jambo lililo zito kuliko yote hapa kwetu, nalo ni nyumba zenye dini mbili. Katika Tanga si wachache kina mama Wakatoliki walioolewa na Waislamu, na wako kina baba vilevile. Wengine wameishi kwa upendo na uaminifu unaoweza kuwaaibisha Wakatoliki wawili waliofunga ndoa altareni. Hatuandiki ili kuwahukumu.

Sheria yatakiwa ijulikane. Ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi, na pasipo ruhusa ya Askofu ya kuondoa kizuizi hicho ni batili mbele ya Kanisa. Zamani wachumba wote wawili walitakiwa kuahidi kwamba watoto watabatizwa na kulelewa Kikatoliki. Tangu agizo la Papa Paulo VI la tarehe 31 Machi, 1970, aahidiye ni upande wa Mkatoliki, kwamba atafanya yote awezayo. Mwenzake huarifiwa ahadi hiyo ili asije akasema baadaye hakujua. Upande wa pili, sheria ya dini ya mume Mwislamu humhesabu mtoto kuwa wa dini ya baba yake. Basi ahadi mbili hukutana katika kitanda kimoja cha mtoto mchanga, na kila mmoja wa wazazi, akiwa mtu mwema, aona dhamiri yake yamdai.

Kwa binti na kijana ambaye bado hajaoa wala kuolewa, twasema bila kuficha: yasemeni haya kabla. Mahari ikishapokewa maneno hupungua, na mimba ikishaonekana hayapo tena. Binti anayejiambia ya kuwa mapenzi yatatatua neno hili, ajue hakuna kitakachotatuliwa na kunyamaza. Siku ya saba ya mtoto itafika, ndugu wa mume watakuja na mbuzi wao, naye atasimama jikoni akilia, na wote watashangaa analia nini siku ya furaha.

Na kwa mama aliyekwisha kuwa ndani ya nyumba hiyo? Mama huyo asikate tamaa, wala asianze vita. Kanisa lilimtaka afanye awezayo. Halikumtaka avunje nyumba yake. Asimfundishe mtoto kwa siri kama mwizi, maana mtoto atajifunza kwamba Kristu ni jambo la kufichwa. Asali mbele ya mume wake kwa adabu, amwombe kwa wazi, aende Misani bila kuacha kazi za nyumba zilale. Amkumbuke Eunike, mama yake Timoteo, aliyeolewa na Mgiriki; mwanawe akawa Askofu, na Mtume Paulo anamtaja mama na bibi yake Loisi kuwa chemchemi ya imani yake. Amkumbuke na Mtakatifu Monika, Mwafrika wa Tagaste, mji ulio leo katika nchi ya Aljeria. Mumewe Patrisio alikuwa mpagani mwenye hasira, akabatizwa karibu na kufa kwake. Mwanawe Augustino alipotea miaka mingi, akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano siku ya Pasaka mwaka 387. Mama yake alifariki mwaka huo huo. Alingoja miaka mingi kupata miezi michache. Hatuwezi kumwahidi kila mama mavuno ya Monika. Twaweza kumwambia tu kwamba hayuko peke yake, na kwamba mlango wa padre wake uko wazi hata kama ndoa yake haijatengenezwa.

Majirani Wakatoliki nao wana deni kwa mama huyo. Tangu mwaka 1976, Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua kulijenga Kanisa juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, tuna mikutano ya kila juma majumbani. Ni jambo jema, ingawa baadhi ya jumuiya zimegeuka kuwa ofisi za kukusanya michango. Je, jumuiya yenu imepata kwenda kwa mama yule, na kumwamkia mume wake kwanza kwa heshima yake, na kuketi barazani kwake? Au mnamngoja aje awaeleze kwa nini haji?

Limebaki neno moja la kazi. Wazee waliokulia katika makambi ya mkonge, waliopangwa juu ya mikeka ile na mama zao, bado wako, lakini wamebaki wachache: Ngamiani, Muheza, Korogwe, Maramba, wengine wanaishi na wajukuu zao katika chumba cha nyuma, nao hawaulizwi kitu ila habari ya afya. Wakijaliwa kufika Noeli, hatujui kama watafika Pasaka. Baba aliyetuandikia, kama mama yake yu hai, na amchukue mwanawe jioni hii wakaketi naye, amwombe bibi awaimbie wimbo walioimba kambini padre asipofika, na awaonyeshe jinsi walivyopiga magoti, nani aliongoza, na taa ilikuwa ya namna gani.

Mhariri